Bangili Kwenye Mguu wa Meneja

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Siyo aibu ya kujikwaa mbele za watu, ile unajipangusa na kuendelea na safari. Hii ni aibu yenye picha.

Nawaandikia nikiwa nimeegemea tairi la kenta hapa Bariadi. Tunasubiri ng'ombe azinduke vizuri ndipo apandishwe. Mama mkwe wangu yuko upande wa pili wa gari. Sithubutu kuchungulia. Naiona miguu yake tu kupitia uvunguni, na miguu yenyewe haijatulia.

Ngoja nianze mwanzo.

Mnanijua. Nimezaliwa Malampaka, jirani kabisa na stesheni, na mtoto aliyelelewa na honi ya treni hajui kukaa. Nimevua Kigoma, nimepasua mbao Njombe, nimeuza mitumba Tunduma. Kote huko nilikuwa naota harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo wetu mweusi. Nikirudi kwenye udongo huo nakaa majuma machache, halafu naanza kuulizia mabasi. (Msiniulize kwa nini. Hata mama yangu aliuliza mpaka akachoka.)

Sasa nimeoa. Nimemwoa Nyamizi wa Shishiyu, na kwetu Usukumani ukioa binti umepewa na mkwe juu. Kwa sisi tuliolelewa kizamani, mama mkwe anaogopwa kuliko umeme. Humshiki mkono. Humtazami usoni. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye pamba za watu, unajifanya unakagua wadudu mpaka apite. Hata kuongea mnaongea kupitia mtu wa tatu. Mtu wa tatu asipokuwepo, basi mbuzi. Kuku. Chochote chenye masikio.

Mama mkwe wangu ana kipaji hicho. Anaongea na ng'ombe wake, na mimi ndiye ninayesikia.

Ng'ombe mwenyewe ni maksai, anaitwa Meneja. Mweusi, pembe pana, kitambi cha kiofisi. Anavuta plau upande wa kulia, na mwenzake wa kushoto hakubali kufungwa nira na ng'ombe mwingine yeyote. Walijaribu mwaka juzi. Yule mwenzake alilala chini katikati ya shamba kama mtu aliyefukuzwa kazi. Kwa hiyo Meneja asipovuta, plau hailimi. Na mama mkwe ni mjane, shamba ndilo linalomweka mjini, nami nasema mjini kwa maana ya Shishiyu.

Juma hili Meneja akaanza kuchechemea. Mguu wa mbele wa kulia, umevimba juu kidogo ya kwato. Na mawingu nayo yameshaanza kukusanyika. Mzee Limbu, mdogo wake marehemu baba mkwe, ambaye ana bucha hapa Bariadi, akatoa hukumu kwa simu bila kumwona mgonjwa.

"Huo mguu umevunjika. Mleteni kwangu akiwa bado na nyama."

Mama mkwe hakumjibu yeye. Alimjibu Meneja. "Meneja, usiwasikilize watu wenye visu."

Ndipo tukasikia kwamba kuna daktari wa mifugo hapa Bariadi mwenye mashine ya eksirei ya kubeba. Ukoo ukakubaliana: picha iamue. Mfupa ukiwa umevunjika, Meneja anaenda kwa Limbu. Mfupa ukiwa mzima, anarudi nyumbani. Basi. Uhai wa Meneja ukawekwa kwenye picha moja.

Nyamizi ana mtoto mchanga, asingeweza kusafiri na ng'ombe. Nikatumwa mimi na mama mkwe. Asubuhi akanisindikiza mpaka kwenye gari.

"Baba Kabula, nakuomba. Usiniaibishe kwa mama."

"Mama Kabula, mimi nimetembea nchi nzima. Nitashindwa kwenda Bariadi na kurudi?"

(Nimeshindwa.)

Kenta ni ya Masunga, rafiki yangu tangu utotoni, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kufunga breki. Mbele kuna nafasi ya watu watatu. Mama mkwe akapanda mbele. Mimi nikapanda nyuma na Meneja.

"Sitta! Njoo mbele, kiti kipo!"

"Niko sawa huku."

"Ng'ombe atakunyea!"

"Niko sawa, Masunga. Endesha."

Alininyea. Nilikuwa sawa. Afadhali kinyesi cha ng'ombe kuliko bega la mkwe.

Daktari tulimkuta kwenye uwanja wake. Anaitwa Dokta Zuhura, mwanamke kijana, mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku cha njano kilichosimama kwenye miguu mitatu, hakizidi redio ya zamani ya babu yangu. Nikatulia kidogo. Nilikuwa nimetegemea kitu kikubwa kama mtambo wa kuchambua pamba.

Kisha akaanza kutoa masharti, na utulivu ukaniaga.

Kwanza, nikaambiwa niuoshe mguu na kuukausha. "Tope likikauka kwenye manyoya linatokea kwenye picha, kaka yangu. Nitasema mfupa una ufa, kumbe ni udongo wa Shishiyu." Nikasugua. Nikachokonoa katikati ya kwato. Nikakausha kwa taulo langu mwenyewe, taulo lililoniona Kigoma mpaka Tunduma. Meneja akanitazama kwa dharau, kama bosi anayepigiwa viatu kiwi na mtu asiyejua kazi.

Pili, akatueleza habari za mionzi. "Haionekani. Hainuki. Haiumi. Ndiyo maana watu wanaizoea, na ubaya wake ni kwamba inajumlishika mwilini kidogo kidogo. Asiyehitajika atoke nje ya kamba ile. Anayehitajika avae koti. Na mikono yenu sitaki kuiona kwenye picha yangu."

Jamani, mimi nimeogopa vitu vingi katika kutembea kwangu. Nimeogopa mamba, nimeogopa mawimbi, nimeogopa mwenye nyumba. Lakini vyote hivyo unaviona vinakuja! Kitu kisichoonekana wala kunuka unakikimbiaje?

Dokta akasema, "Ningependa nimchome dawa kidogo ya kumtuliza. Akitulia, hatahitaji kushikwa na mtu yeyote, nasi sote tunasimama mbali."

Mama mkwe akakataa palepale. "Meneja, ng'ombe anayelazwa mchana amelazwa na mchinjaji."

"Mama yangu, hatalala kabisa. Atasinzia tu."

"Meneja," mama mkwe akasema, "mwambie dokta kwetu hatusinzii saa za kazi."

Dokta akashusha pumzi. "Haya. Hii njia ya kushika siipendi, lakini tujaribu. Nahitaji wawili. Mmoja kichwani, mmoja wa kushika bamba la picha."

Bamba ni kitu bapa kama sinia la mraba, limefungwa kwenye mpini mrefu ili mshikaji akae mbali. Linawekwa upande mmoja wa mguu, mashine inapiga kutoka upande wa pili, picha inatokea kwenye kompyuta mezani. Dokta akamtazama Masunga.

Masunga akarudi nyuma. "Dokta, mimi bado natafuta watoto."

"Unao wangapi?"

"Saba."

"Na bado unatafuta?"

"Natafuta anayefanana na mimi."

Akaruka kamba, akaenda kuning'inia kwenye uzio. Nikabaki mimi. Na kichwani akabaki mama mkwe, kwa sababu Meneja hakubali mtu mwingine amshike kichwa.

Mnaona tatizo linavyokuja? Mguu wa mbele uko wapi? Uko chini ya kichwa. Hata nikiwa na mpini mrefu, mimi na mama mkwe tutakuwa karibu kama watu wanaopakua chungu kimoja.

Kabla sijapata la kusema, dokta akamgeukia mama mkwe kwa adabu zote za Tanga. "Samahani, mama yangu, hili swali namuuliza kila mwanamke anayeshika mnyama. Hakuna ujauzito?"

Nikatazama mbinguni. Nikahesabu mawingu. Huko kwenye uzio Masunga alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.



"Meneja," mama mkwe akasema, "umelisikia swali hilo?"

Tukavalishwa makoti. Makoti yale yana risasi ndani (madini, siyo ya bunduki), mazito kama kubeba mtu mzima mgongoni. Glavu zilikuwa jozi moja, nene, kubwa kama za mabondia. Nikapewa mimi kwa kuwa ndiye ninayekaribia mguu. Mama mkwe akaambiwa ashike kamba tu, asishuke chini ya shingo ya ng'ombe. Dokta akawasha taa ya mashine, kikatokea kisanduku cha mwanga juu ya mguu wa Meneja.

"Kaka, mionzi inapita ndani ya mwanga huu. Kidole kikiingia kwenye mwanga, kimeingia kwenye picha. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sogea kidogo. Elekeza bamba. Tazama mguu."

Nikasogea. Nikashika mpini. Na nilipotaka kutazama mguu, nikaona ncha ya kitenge cha mama mkwe. Shingo ikageuka yenyewe. Naapa sikuigeuza mimi! Ni malezi. Nikajikuta natazama barabarani, bamba nimelishikilia kwa kukisia.

Mashine ikalia tii. Tukaenda kwenye kompyuta.

Robo ya kwato. Zaidi ya hapo, hewa.

"Picha nzuri ya hewa," Masunga akapiga kelele. "Haijavunjika!"

Tukarudia. Safari hii nikajitahidi kutazama kwa jicho moja. Nikaupata mguu. Dokta akaanza kuhesabu, na simu yangu ikalia mfukoni, chini ya koti, kwa sauti yote. Meneja akaruka. Mimi nikaruka. Tii!

Picha ya pili ilikuwa moshi mtupu. Ungeweza kusema ni mguu wa ng'ombe au mnara wa simu kwenye ukungu. Na aliyepiga simu ni Mzee Limbu.

"Vipi, mfupa au nyama?"

"Bado, baba."

"Basi nakuja mwenyewe."

Limbu akija, ukoo umekuja. Na dokta alikuwa anatazama taa za betri za mashine kwa uso nisioupenda.

"Zimebaki picha mbili, labda," akasema. Kisha akanitazama mimi. "Kaka, samahani. Una matatizo ya shingo?"

Masunga akanijibia kutoka kwenye uzio. "Dokta, huyo mama ni mkwe wake! Haruhusiwi kumtazama!"

Dokta akatutazama. Mimi nimetazama kusini, mama mkwe ametazama kaskazini, ng'ombe katikati. "Jamani. Na sisi kwetu tuna wakwe. Lakini tunawaona!"

Hapo mama mkwe ndipo alipotoa wazo. Ninalisema wazi kwamba wazo ni lake, ingawa kwenye ukoo nitabeba mimi. "Meneja, tutaweka pazia." Akavua kitenge cha juu, akafunga ncha moja kwenye pembe ya ng'ombe na nyingine kwenye nguzo. Yeye akabaki upande ule, mimi upande huu. Hatuonani. Adabu imekamilika! Nikauona mguu wote bila kizuizi. Nikalenga bamba kama fundi. Kwa mara ya kwanza leo nikavuta pumzi ya kushiba.

Dokta hakufurahishwa na pazia. "Sioni upande wa mama. Mikono yote iko nje?"

"Iko nje," nikasema.

"Meneja, mwambie iko nje," likasema pazia.

Wakati huo geti likalia. Mzee Limbu ameingia. Aproni yake ya bucha ameivaa kabisa. Akasimama nje ya kamba na Masunga, mikono nyuma, akimpima Meneja kwa macho, kuanzia mapaja mpaka shingo.

"Nahesabu mpaka tatu," dokta akasema. "Asijongee mtu. Moja."

Meneja akamwona Limbu. (Ng'ombe wanajua.) Akaanza kutetemeka.

"Mbili."

Meneja akainua mguu. Upepo ukapuliza, pazia likanifunika uso. Nikaona giza la maua ya kitenge, na nikasikia kichwani mwangu sauti ya picha nyingine inapotea, na Limbu ananoa visu. Sikufikiri. Nikaachia mpini kwa mkono mmoja, nikapapasa, nikapata kitu kinatikisika, nikakibana kwa nguvu zangu zote kisiondoke.

Kikatulia. Kikanibana na chenyewe.

(Hapo ningepaswa kujiuliza. Ni mguu gani wa ng'ombe unabana? Sikujiuliza.)

"Tatu." Tii!

Tukaachia. Pazia likatulia. Nikawa na furaha, jamani, furaha ya kijinga. Nilijua tumeipata. Tukajikusanya wote mezani: dokta kwenye kiti, Limbu nyuma yake, Masunga ameshakuja kwa kuwa mionzi imekwisha, mimi pembeni, na mama mkwe nyuma kabisa, kwa mbali, kama desturi inavyotaka.

Picha ikaanza kufunguka kutoka juu kwenda chini.

"Hapa tuna goti," dokta akasema. "Hapa mfupa unashuka, vizuri sana, unashuka, na hapa..."



Mzee Limbu akasogeza uso kwenye kioo. "Mbona huyu ng'ombe ana vidole?"

Masunga akainama, akakodoa macho. "Vitano. Halafu, dokta... mbona Meneja amevaa bangili?"

Ilikuwa pale katikati ya picha, nyeupe, wazi, safi kuliko kitu chochote kilichopigwa leo. Mkono wa mtu, mifupa yote, na bangili mbili kwenye kifundo. Na mkono huo umekumbatiwa na donge kubwa jeupe lenye umbo la glavu ya bondia. Haukuwa umeguswa kwa bahati mbaya. Umeshikwa! Umeshikwa kama watu wanavyoshikana wakiagana kwenye stesheni ya treni. Na mkono wenyewe umeishika glavu.

Glavu jozi moja. Aliyevaa ni mimi.

Polepole, bila kupanga, watu wote tukageuka kutazama bangili za shaba za mama mkwe. Hata mimi. Nilisahau kabisa kwamba sitazami.

Akaificha mikono nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakumsemesha Meneja. Alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Meneja alikuwa anaogopa. Nikashuka nimpapase mguu. Mtu akanishika. Nilidhani ni dokta."

"Nami nilidhani ni Meneja," nikasema.

Masunga akakaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu, kwenye udongo, machozi yanamtoka. Mzee Limbu akatoa leso, akajifuta uso, akairudisha, akaitoa tena.

"Tangu nizaliwe," akasema, "nimesikia mkwe mmoja tu aliyemsalimia mkwe wake kwa mkono. Akahama kijiji. Huyu wa kwetu amepiga na picha."

Dokta Zuhura hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alitugeukia na uso wa mwalimu. "Mimi nilikubali pazia, kosa ni langu kwanza. Kwa mara moja hii hamtakufa, msianze kulia. Lakini mnaona sasa? Mkono usio na glavu, katikati ya mwanga. Ningekuwa nafanya hivi kila siku na watu wa namna hii, baada ya miaka tungekuwa tunaongea mengine. Na mguu wa ng'ombe bado sijauona. Mkono wa mama umekaa juu ya pale pale ninapopataka." Akatazama taa za mashine. "Imebaki moja."

Moja. Limbu akakunja mikono ya shati. Nikamtazama Meneja, amesimama na pazia lake kwenye pembe kama bibi harusi, hajui lolote. Nikasema moyoni, nimemuua. Ng'ombe wa mjane. Na mjane mwenyewe nimemshika mkono juu.

Mama mkwe akapiga hatua mbele.

"Dokta. Mpige sindano."

"Una hakika, mama yangu?"

"Mpige. Ikibaki, nipige na mimi."

Ikawa rahisi, jamani, mpaka nikataka kulia. Dokta akamchoma dawa kidogo. Meneja akalegea masikio, akashusha kichwa, mate yakaanza kumtoka kama mzee aliyesinzia kanisani. Akafungwa kamba kwenye nguzo. Bamba likaegemezwa kwenye kibao cha mti, likasimama lenyewe bila mtu. Sote tukatolewa nje ya kamba. Nikasimama mwisho wa kulia, mama mkwe mwisho wa kushoto, katikati Limbu na Masunga kama ukuta. Dokta akarudi nyuma na waya wake mrefu, akatuangalia mmoja mmoja, mikono hasa.

Sikupumua. Limbu naye hakupumua, ila kwa sababu zake.

Tii.

Nilikwenda mezani nikiwa nimefumba macho. Nikamsikia dokta anabofya, anakuza, anabofya tena. Nimesubiri mabasi yaliyoharibika porini usiku kucha. Hakuna nilichowahi kukisubiri kwa muda mrefu kama jibu lile.

"Mfupa mzima," akasema.

"Angalia tena," akasema Limbu.

"Mzee wangu, nimeangalia. Tazama mwenyewe, hauna ufa. Kiungo ndicho kimevimba, aliteguka mahali fulani. Atapata dawa, atafungwa, atapumzika. Asivute plau mpaka nimwone tena."

Mama mkwe akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akakikatiza katikati kama aliyekumbuka kitu. Nadhani alikumbuka mimi nipo. Limbu akavua aproni, akaikunja vizuri, akasema amefurahi. Uso wake haukufanana na maneno yake. Akaondoka akisema atawapigia ndugu kuwapa habari njema. (Zote mbili, najua. Hataanza na ya mguu.)

Nikamvuta dokta pembeni. "Dada yangu, ile picha ya tatu. Ifute, nakuomba."

"Ile? Hapana, kaka. Ile nitafundishia chuoni. Sijawahi kupata mfano mzuri kama ule wa mikono kuingia kwenye picha. Usijali, siweki majina."

"Dokta, majina ya nini! Ina bangili!"

"Huko chuoni nani atazijua bangili za Shishiyu?"

Jamani, wanafunzi wa mifugo wanatoka kila kona ya nchi hii. Mikoa yote niliyowahi kuishi, mkono wangu sasa utafika kabla yangu.

Basi, hapo ndipo tulipofika. Nyamizi ameshapiga simu. Sijapokea. Amepiga tena. Masunga amepokea yake, amekwenda nayo nyuma ya mti, nimesikia neno "glavu" halafu kicheko. Meneja bado amesinzia. Nami nilikuwa hapa kwenye tairi nikijiuliza mambo mawili: nitaingiaje ule mji, na mvua ikinyesha nani atalima, maana mwenzake Meneja hatafungwa nira na ng'ombe mwingine.

Nilipofika kuandika hapo, ile miguu ya uvunguni ikaanza kutembea. Ikazunguka nyuma ya kenta. Ikaja upande wangu. Ikasimama mbele yangu kabisa. Nikatazama tairi. Nikalisoma tairi herufi kwa herufi.

Hapakuwa na ng'ombe wa kuongea naye, kasinzia. Kuku hawakuwepo. Masunga yuko nyuma ya mti na simu. Nikamsikia mama mkwe akikohoa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akaniita kwa jina langu.

"Sitta."

"Naam, mayu. Naam, mama," nikaliambia tairi.

"Ule mkono una nguvu. Jembe la mkono utaliweza. Kesho alfajiri uanzie upande wa kulia, wa Meneja."

Akaondoka.

Shamba ni eka tatu, jamani. Na atakayecheka, namkaribisha Shishiyu. Aje na jembe lake.